Oili Inazidi, Mdogo Wangu

Chumba cha uani, nyumbani kwa Kitinda
Jumatano, baada ya kuanua nguo

Mpendwa mdogo wangu Bonge,

Basi pale simu ilipokatika, ujue haikukatika, niliikata mimi. Kitinda aliingia chumbani kutafuta mkasi, na mimi ndiyo kwanza nimefika pale pa "huyu mumewe ana jambo". Ikabidi nijifanye naongea na mtu aliyekosea namba. Ndiyo maana ulisikia nakwambia, "Hapa si hospitali, baba." Unisamehe.

Lakini ngoja, nimeanza kama mwizi aliyepitia dirishani. Salamu kwanza. Hujambo? Kile kifua kimepona? Baridi ya huko isikuzoee vibaya, vaa soksi hata wakikucheka. Sisi huku wazima, ila goti langu linatabiri mvua kila siku na mvua yenyewe haiji. Mdogo wetu Kitinda tumbo limeshuka, siku yoyote tutakuwa na mgeni. Presha ndiyo inamsumbua. Daktari kasema asishtuliwe, hata mlango usibamizwe. Shika hilo la kutoshtuliwa, nitalirudia.

Nakuandikia kwa sababu simu ndani ya nyumba hii ina masikio. Meseji ndiyo usiseme, maana vile vidude vya kubonyeza vimenishinda, Kitinda ndiye hunibonyezea. Sasa nimsengenye mumewe kwa vidole vyake mwenyewe? Barua hii anakuja nayo yule nesi jirani yetu, anasafiri kesho. Mwandiko ni wa kuku kaparua, vumilia.

Turudi kwenye gari lako ulilomwachia Shemeji ulipoondoka. Nilikwambia taa iliwaka kwenye dashibodi, nikaenda na Shemeji kwa fundi Kibogoyo. Kibogoyo akachomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakitazama, akakifuta, akakirudisha, akachomoa tena. Nikamwuliza, "Imepungua?" Akasema, "Mama, imezidi."

Imezidi! Bonge, mimi nimeishi, nimeona sukari ikipungua, nimeona sabuni ikipungua, nimeona wanaume wakipungua. Sijaona kitu kinachozidi chenyewe ndani ya nyumba yenye watu. Nikamkazia macho Shemeji. Yeye kama kawaida yake, anatazama viatu.

Kibogoyo akaniletea kijiti puani. "Nusa." Nikanusa. Petroli tupu! Nikasema hapo sasa, kuna mkono wa mtu. Kibogoyo akacheka fizi zote. "Mkono wa mtu upo, Mama, ila si wa mchawi."

Akanisomesha pale pale, nimekaa juu ya tairi. Kumbe injini yako ni ndogo! Silinda tatu, lita moja, kama chupa ya maji. Nikamwambia mdogo wangu ni mtu mwenye mwili wake, hawezi kununua injini ya chupa. Akasema nguvu iko kwenye turbo: moshi unaotoka unazungusha kifeni, kifeni kinashindilia hewa ndani, basi kidogo kinafanya kazi ya kikubwa. Nikaelewa, maana na mimi ni hivyo hivyo, hewa nyingi. Halafu kuna umeme wa kusaidia, betri ya pili ya volti arobaini na nane, na kidude kimefungwa kwa mkanda ubavuni mwa injini. Hicho ndicho kinawasha gari, kinalisukuma mgongoni likipanda kilima, na ukiachia mafuta kinarudisha chaji. Ila kwa umeme peke yake haliendi popote. Ni kama mume wangu marehemu, msaidizi mzuri, lakini umwanzishie.

Na ile tabia ya kuzima lenyewe kwenye taa za barabarani, mimi nilikuwa nikimsema Shemeji kwamba ni ubahili wa kuhesabu matone. Kumbe ndivyo lilivyoumbwa. Sasa Kibogoyo akauliza, "Bado linazima kwenye taa?" Shemeji akasema siku hizi halizimi. Kibogoyo akatikisa kichwa. Betri haishibi, ndiyo maana.

Sasa sikia ugonjwa wake. Injini hizi zinataka safari. Zikiwashwa zikazimwa, zikawashwa zikazimwa, kabla hazijapata moto sawasawa, petroli inateleza pembeni ya pistoni inashukia kwenye oili. Oili inazidi lakini imekuwa chai. Na ya kwako ina mkanda mwingine ndani kabisa, unaogelea kwenye oili hiyo hiyo. Petroli inautafuna, unamomonyoka, vipande vinaziba chujio, oili haipandi, na injini kwaheri. Akaniambia, "Gari hili halijawahi kwenda mbali. Linazungushwa hapa hapa mtaani."

Bonge, niliinuka pale juu ya tairi. Kwa sababu Shemeji kila asubuhi anatuaga anakwenda kiwanda cha magodoro, saa nzima kwenda, saa nzima kurudi! Huko si mtaani. Gari la saa nzima lingeiva kama maharage. Nikamtazama. Anatazama viatu.

Hapo ndipo nikaunganisha vitu nilivyokuwa nikiviokota tangu nihamie hapa kumwangalia Kitinda. Zamani alikuwa anarudi na vipande vya sponji kwenye nywele, unaweza kujaza mto. Sasa kichwa safi. Zamani ananuka gundi. Sasa ananuka sabuni. Mwanaume anatoka kazini ananuka sabuni! Na mkobani ana taulo. Taulo lenyewe nilimwona Kitinda kwa macho yangu akilikunja na kulitia, na shati akilipiga pasi kola mpaka inasimama. Roho iliniuma. Nikasema maskini mdogo wetu, anamfungashia mume taulo la kwenda kuogea nyumba ndogo.

Hapo ndipo nilipokupigia, na kabla sijafika kwenye la taulo, wewe ukasema umeshachoka na gari lako kuchakazwa, utamtuma Mjomba Jumamosi aje achukue ufunguo mbele ya watu wote. Nikakuunga mkono. Nilikuunga mkono na miguu.

Sasa sikia ya jana. Nilimwendea yule mshona nguo wa kwenye kona, mwanamke haoni uzi lakini anaona mtaa mzima. "Gari la shemeji yako?" akasema. "Linapinda kwenye duka la dawa, halifiki mbali. Liko nyuma ya ghala la saruji. Mimi nilidhani unajua, Redio." Ananiita Redio, mshenzi yule. Nikachukua mwavuli na kikapu kitupu, nikajifanya naenda sokoni.

Nikalikuta. Limeegeshwa kwenye kivuli cha ukuta, vioo vimeshushwa. Nikanyata nikijiandaa kumvuta mwanamke nywele, nikachungulia. Hakuna mwanamke. Kuna lile shati alilolipiga pasi Kitinda, limetundikwa pale juu ya dirisha, na viatu vimepangwa chini kama vya mwanafunzi. Nikageuka, namwona mtu anashuka kwenye lori na mfuko wa saruji mgongoni, mweupe kama aliyekufa juzi. Ni Shemeji.

Nikamwambia, "Kumbe kiwanda kimehamia hapa?"

Akatua mfuko. Akasema, "Dada, kaa ndani ya gari, jua kali."

Kiwanda kilifungwa, Bonge. Kilifungwa wiki ile Kitinda alipolazwa kwa presha. Akaona akisema, atamuua. Akaendelea kuaga asubuhi. Anasubiri malori, yakija anashusha, yasipokuja anakaa garini. Na kivuli kikihama anawasha gari anakifuata, mita chache, anazima. Kinahama tena, anawasha tena. Asubuhi upande huu wa ghala, mchana ule, jioni anarudi huku. Kwa ajili ya kulitunza gari lako rangi isiungue na jua! "Kaka aliniamini nalo," akasema. Huyo ndiye mchawi wa oili yetu, mtu anayetunza rangi anaua injini.

Jioni anaoga kwenye bomba la ghalani, anavaa shati, anarudi kwetu kama bosi.

Akaniomba nisimwambie Kitinda mpaka ajifungue. Nikamwuliza, "Shemeji, unamwomba nani? Mimi?" Akasema, "Ndiyo hofu yangu, Dada." Tukacheka mpaka mpakia mizigo mwenzake akaja kuuliza kuna nini. Lakini nilipoondoka nilikuwa nalia kidogo, sikufichi.

Sijasema yote namwamini. Mimi ni mimi. Asubuhi hii nilipita tena, na mwavuli ule ule, kuhakikisha. Yupo. Saruji hata kwenye kope.

Sasa Bonge, ninachokuomba. Mzuie Mjomba. Akija Jumamosi na ile sauti yake akadai ufunguo ukumbini, Kitinda atauliza kwa nini, na kila kitu kitamwagika juu ya presha yake. Ukimnyang'anya gari ndugu huyu, hata pa kukaa mchana hana. Mwache nalo. Oili Kibogoyo ameshaimwaga na kuweka ile nyepesi inayotakiwa, akasema mkanda wa ndani ameuchungulia, bado haujachanika. Nimemwambia Shemeji awe analitoa njia kuu mara moja moja, likimbie mpaka liive. Na mchana aliache juani, rangi tutapaka.

Na wewe kaza mdomo. Hapa tunaojua ni mimi, wewe na yeye, na yule mshona nguo, yaani mtaa. Ila Kitinda hajui kitu, analipiga pasi lile shati huku anaimba, mpaka nashindwa kumtazama usoni.

Salamu nizitangulize, maana nyumba hii haiishi kuniita. Mjomba anakusalimu, usimwamini akisema haumwi mgongo. Shangazi mkubwa anauliza utaoa lini, nimemwambia umesahau. Msalimie na yule mwenzako wa chumbani anayekoroma. Mungu akufunike kwa mikono yote miwili, akurudishe na mwili wako ule ule, tusije tukakosa pa kukuita Bonge. Na kama

Bonge, Kitinda amepiga kelele ukumbini. Nimekimbia nimerudi kuchukua viatu na kumalizia mstari huu, nesi anaisubiri barua mlangoni. Uchungu umeanza. Nikamwambia tulia mama, nampigia mumeo huko kiwandani, usiogope, saa moja tu atakuwa hapa.

Akanishika mkono akasema, "Saa moja ya nini, Dada? Mtume mtu hapo nyuma ya ghala. Na mwambie aje hivyo hivyo, asihangaike kuoga."

Nimeshamtuma mtu, na nalisikia gari linawashwa kule ghalani. Leo, mpaka hospitali, litapata moto.

Mimi dada yako nikupendaye, niliyekuwa wa mwisho kujua,
Redio