Feni Inayolia Ikikaa Bure

Jumatatu, 4 Agosti

Imeanza tena. Nimefungua steshenari saa mbili, nimechapa barua mbili, nimemaliza video ya harusi ya watu wa Mtinko. Wakati naikata video, kimya. Nilipomaliza tu, ikaanza. Krrrr. Inapanda, inashuka, krrrr. Ni feni ya pawa saplai, lile boksi la umeme nyuma ya kompyuta. Ikipewa kazi nzito inazunguka kasi na kunyamaza. Ikikaa bure ndipo inalia. Sijawahi kuona ujinga wa namna hii.

Ningevumilia kama si Mama. Uvimbe kooni. Daktari wa Dodoma amesema upasuaji ni tarehe 20, na huenda sauti isirudi. Amemwambia asiongee sana. Send-off ya Rehema, mdogo wetu wa mwisho anayeolewa, ni Oktoba. Mama ndiye wa kumpa nasaha mbele ya watu, na Oktoba huenda asiwe na sauti ya kumwambia hata karibu. Kwa hiyo nasaha lazima nizirekodi sasa. Matangazo ya mnada ya Ilongero nzima narekodi mimi. Nitashindwaje la mama yangu?

Kwa simu nimejaribu. Upepo wa mwezi huu unagonga mabati, Mama anasikika kama yuko ndani ya debe.

Jumanne, 5 Agosti

Fundi Shabani amekuja kutoka Singida mjini. Amemwamkia Mama, amekaa, amewasha kila kitu kwa pamoja: video, muziki, printa. Kimya kabisa. "Mbona nzima, dada?" Nusura nimpige na kibodi. Nimemwambia azime vyote, anywe chai, asubiri. Hajamaliza kikombe, krrrr.

Akacheka. Anasema feni imekauka ndani, ikienda polepole inasaga. Hiyo pawa saplai haifunguliwi, inabadilishwa. Ataagiza, wiki ijayo itafika. Eti nivumilie. Neno hilo silipendi.

Jumatano, 6 Agosti

Sikuvumilia. Nimemkalisha Mama mbele ya maiki. Amevaa kitenge cha kanisani ingawa nimemwambia hii haina picha.

Kwanza niliipa kazi ya video ili inyamaze, rekodi ikakatika-katika, nikaizima video. Tumerekodi mara tatu. Amesema vizuri. Amesema jinsi alivyoletwa kwa baba akiwa hajui kupika mlenda, na nani alimfundisha, na kwa nini hakumsahau mtu huyo. Mambo ambayo mimi sikuwahi kuyasikia. Mimi nilipoolewa hakukuwa na send-off. Niliondoka na begi.

Halafu nikasikiliza. Kila anaponyamaza kuvuta pumzi, krrrr. Kila mahali penye uzito, krrrr. Nimejaribu kuisafisha kelele, sauti ya Mama ikawa ya bati. Nikafuta. Zote tatu. Nikaenda hadi kwenye pipa la kompyuta nikamwaga na pipa. Mama akasema atasema tena, maneno hayaishi.

Ijumaa, 8 Agosti

Fundi hajapiga simu. Nimepiga mimi mara nne. Krrrr siku nzima. Mteja ameniuliza kama nina mashine ya kusaga humu ndani.

Jumamosi, 9 Agosti

Kimya! Nimewasha asubuhi, nimekaa dakika ishirini bila kugusa kitu. Kimya. Nimemshukuru Mungu kwa sauti.

Nimekimbia kumwita Mama. Hayupo. Kuna msiba kwa jirani wa kisimani, amekwenda tangu alfajiri na atalala huko. Msibani humtoi mtu. Mashine imenyamaza siku ambayo wa kusema hayupo. Nimekasirika hadi nikafunga duka.

Jumatatu, 11 Agosti

Mama amerudi jana jioni, sauti imekwaruza. Siku mbili za kupokea wageni na kuimba. Nikasema apumzike, turekodi leo.

Leo nimewasha. Si krrrr tena. Inaunguruma kama trekta kwenye tope. Na inanuka chapati. Nimezungusha mashine, nimemulika kwa tochi: feni imejaa matope ya vumbi na mafuta.

Ni Elia. Mdogo wangu huyu anakamua alizeti, na kwake mafuta ya alizeti ni dawa ya kila kitu. Bawaba, mnyororo wa baiskeli, visigino. Ijumaa jioni nilipokwenda kuteka maji aliingia dukani akachukua sindano ya kuchanjia kuku, akajaza mafuta, akapiga ndani ya feni. Hakuniambia. Alitaka iwe zawadi! Ile siku moja ya kimya ilikuwa ni mafuta. Kisha vumbi la Agosti likaganda humo.

Amekuja mchana, mikono inang'aa mafuta. "Shikamoo dada." Sikuitikia. Akarudia. Sikuitikia. Amesimama pale mlangoni mtu mzima mwenye watoto watatu, hana pa kuiweka shikamoo yake. Mama ameniambia kwa sauti yake ile ya kukwaruza kwamba marahaba hanyimwi mtu, hata mwizi. Nimesema huyu ni zaidi ya mwizi.

Jumanne, 12 Agosti

Simu kutoka Dodoma. Kuna mgonjwa ameahirisha, Mama anafanyiwa upasuaji keshokutwa. Tunasafiri kesho na basi la kwanza.

Nikamkalisha mbele ya maiki hivyo hivyo, na trekta la feni. Sasa nilikuwa radhi na kelele yoyote. Akafungua mdomo. Upepo tu. Ameaga watu tangu asubuhi, nyumba nzima ilijaa, na msiba ulikuwa umekwishachukua nusu. Amejaribu "Rehema mwanangu" mara tatu. Ya tatu akashika koo, machozi yakamtoka.

Nilikuwa nazo. Jumatano nilikuwa nazo zote tatu, safi, kila neno, na kelele kidogo nyuma. Nani Oktoba angesikiliza feni? Nimezifuta mimi. Si Elia, si fundi. Nimekwenda nyuma ya choo nikapiga ukuta hadi mkono umevimba.

Alhamisi, 14 Agosti

Dodoma. Ameingia saa tatu, ametoka saa nane. Yu hai.

Jumatano, 27 Agosti

Tumerudi. Uvimbe umeisha. Sauti haipo, na daktari amesema tusiingojee. Mama ana kikombe cha bati na kijiko. Akigonga mara moja, njoo. Akigonga mbili, rudia ulichosema. Amekwishazoea kuliko mimi.

Fundi alileta pawa saplai mpya tukiwa Dodoma, Elia akampokea. Nimewasha. Haisikiki kabisa. Lazima niangalie taa yake ndogo kujua kama imewaka. Naichukia.

Jumapili, 31 Agosti

Baada ya ibada nilikuwa natafuta tangazo la zamani. Nimekuta faili lenye jina "jaribio", la tarehe 6 asubuhi. Nililirekodi kupima maiki kabla hatujaanza. Nilikuwa nimevaa hedifoni, nasikiliza feni, nageuza vitufe.

Kwanza ni krrrr. Halafu Mama, karibu kabisa, sauti yake yote:

"Neema. We Neema. Hanisikii huyu. Unaisikiliza mashine tu, mwanangu, mimi niko hapa. Wewe hukusemewa ulipoondoka, najua, na hasira zako zote zinatoka huko. Siku ile nilisimama nyuma ya ghala, nikashindwa kutoka. Nisamehe. Haya, washa hicho kidude chako tuseme ya Rehema."

Halafu mimi, kwa ukali: "Mama, usiongee kwanza, napima!"

Basi. Linaishia hapo.

Elia alipita mlangoni, akasema shikamoo bila kusimama, kama mtu aliyezoea kutojibiwa. Nikasema marahaba. Alirudi nyuma hatua mbili kunitazama.

Kisha nikamwita Mama. Nimemweka kwenye kiti kile kile, nimefungua spika, nimemchezea. Alisikiliza hadi mwisho. Aliposikia nilivyomkaripia alicheka, mabega yanatikisika, hakuna sauti. Chumba kilikuwa kimya. Nikamwambia nimemsamehe, na yeye anisamehe.

Akachukua kijiko. Amegonga mara mbili.

Nimerudia.