Tulidhani ni maji tu

Agatha, nimetoka zahanati na mama sasa hivi.

Unajua anavyoziba mdomo na khanga akicheka, kwa ajili ya meno ya kahawia. Huku Endasak sote tunayo, ni maji ya huku yanayotia meno rangi. Hata alipoanza kutafuna upande mmoja tukasema ni maji tu. Maji tu, Agatha!

Daktari Kissa, yule dada mgeni, akawasha tochi. Mama akaona aibu. "Usinicheke meno, mwanangu."

"Meno siyaangalii, mama. Nyanyua ulimi."

Chini ya ulimi kuna kidonda kigumu, kingo nyeupe. Shingoni uvimbe. Akauliza kimeanza lini.

"Tangu mavuno ya mwaka jana. Ila hakiumi."

Hakiumi! Ndiyo maana alinyamaza, na nani angemchungulia mdomoni?

Nikamfuata daktari pembeni, nikamuuliza kama hospitali kubwa watamponya. Akasema, "Mpeleke. Watampunguzia maumivu yakija." Nikauliza tena kuhusu kupona. Akanishika mkono, akasema inaonekana ni saratani, na imeshafika shingoni.

Mama ananiita kwenye bodaboda. Anataka tupitie sokoni akachague mbegu za maharage za msimu ujao.

Nimemwambia sawa.