Watu Kumi wa Kumzika Blaise

Kensington, Sydney
11 Agosti 2021

Mpendwa Shangazi Peninah,

Hujambo? Presha imetulia? Natumaini hapo Kisumu hamjambo wote, na kwamba mkweo Chebet ameacha kukuficha habari za corona kana kwamba wewe ni mtoto.

Mimi sina homa, lakini si mzima. Naandika kwa mkono, kisha nitapiga picha nikutumie, maana nikikupigia nitalia tu na hutaambulia neno.

Blaise amefariki. Yule Mkongomani wangu uliyezoea kumwita mwanao, ambaye unaomba na mama yake, Mama Chibalonza, kwenye simu kila Alhamisi. Aliambukizwa kazini, kwenye makao ya wazee. Hospitali haikuruhusu mgeni yeyote. Nesi alimshikia simu nikamwona, ila hakuweza kusema.

Atazikwa Jumatatu. Lockdown inaruhusu waombolezaji kumi tu, na familia imechagua kwa ukoo, ndiyo desturi yao. Mimi nimepewa Zoom. Kaka yake, Cirhuza, alinipigia, kwa Kiswahili chao cha Kongo: "Ogutu, wewe njo unajua mambo ya computer. Utafungulia famille ya Bukavu link, na wenye kulia sana utawa-mute." Nikaitikia sawa, mjinga mimi.

Shangazi, Blaise hakuwa rafiki tu. Nilimpenda, naye alinipenda, jinsi marehemu mumeo, Baba Ishmael, alivyokupenda wewe.

Unajua nasoma habari za Wayunani wa kale. Wana hadithi ya mungu wao wa jua aliyempenda kijana mmoja. Kijana akaumia wakicheza, akafia mikononi mwake, na yule mungu mwenye dawa zote akashindwa kumponya. Pale damu ilipomwagika likaota ua. Mimi niliona ni hadithi ya kueleza asili ya ua tu. Blaise, mtu wa kanisa kunishinda, alisema ni habari ya roho: apendaye kweli hushuka mpaka kwenye kifo cha mwenzake, na huko ndiko pendo linakoshika mzizi. Wapo pia wapiganaji wawili ambao mifupa yao ilitiwa katika chombo kimoja, ili hata mauti yasiwatenge. Alisema hadithi hizo zilimfanya aombe bila woga.

Mimi siombi chombo kimoja. Naomba kusimama penye ule udongo. Nimepiga magoti, maneno hayaji. Nimekata tamaa kabisa.

Nakusihi umpigie Mama Chibalonza, wewe anakusikiliza. Mjomba wao Moïse yuko karantini, na nafasi yake bado haijapewa mtu. Mwambie tu kwamba nilikuwa wa Blaise. Mengine nadhani mama anayajua.

Nisalimie Chebet, Ishmael na jirani yetu Mama Mbula. Mungu akutunze, akupe usingizi ambao mimi sina.

Najua utanikasirikia. Kasirika, una haki, lakini mpigie kwanza.

Mwanao akupendaye siku zote,
Ogutu