Baiskeli Isiyokunywa Mafuta

Desiré, rafiki yangu,

Nimeifuta ile klasi uliyoipenda kwenye programu yetu. Nakuambia mwenyewe usije ukasikia kwa watu, ingawa sijui huko nani angekuletea umbea wa Gitega.

Unakumbuka tulivyobishana tukiandika programu ya ushirika wa wabeba mizigo? Ulitaka vyombo vyote virithi sifa zao kutoka kwa mzazi mmoja, ndiyo klasi hiyo, ukamwita Chombo. Pikipiki mtoto wake, lori mtoto wake. Nikauliza, na baiskeli? Ukasema, "Naye mtoto. Kitu kisicho na mzazi kinatangatanga." Nikaiandika ulivyotaka. Baba yako tulimwacha kaburini kule kambi ya wakimbizi Tanzania.

Basi ulipofariki, ushirika ukaingiza baiskeli. Kumbe mzazi yule ana tangi, na mtoto hurithi vyote, hata asivyovihitaji. Programu ikagoma kutoa baiskeli yoyote mpaka ijazwe mafuta. Wanachama wakacheka, kisha wakakasirika, wakasema bora warudi kwenye karatasi. Mimi sikugusa kitu. Kwetu msiba usipoondolewa hatushiki jembe, nami nikaona kompyuta ndiyo jembe langu. Ujinga, najua. Ila niliogopa. Niliona umebaki humo tu, kwenye mistari ile.

Jumamosi mimi na wenzetu wa ushirika tukaenda kwenu Muyinga kwa kuganduka, kuondoa msiba. Mama yako akanishika mikono yote miwili: "Sasa mwanangu, rudi kazini." Amekonda, Desiré. Mahindi yamekauka shambani, hakuna wa kuvuna.

Nikarudi, nikafuta. Mahali pa mzazi nimeweka kiolesura, ile ahadi tupu uliyokuwa ukiidharau: anayejiita mbebaji lazima apokee mzigo na aufikishe. Hapewi kitu, haulizwi ukoo, na namna ya kufika ni shauri lake. Baiskeli ya kwanza ikatoka asubuhi na ndizi zake. Pale ofisini wakaendelea na kazi. Nikaenda chooni nikalia.

Programu haikuhitaji wewe tena. Mimi nakuhitaji, na inauma vibaya.

Pumzika sasa, ndugu yangu. Wiki ijayo nakwenda Muyinga kuvuna. Mama yako hakunizaa, na pengo lako sitaliziba. Lakini mahindi nitayabeba, kuni nitapasua, na akiniita mwanangu, nakuahidi, nitaitika.

Goreth