Waya wa Njano

Mabawa, Jumatano usiku

Kumbe waya wa njano ndio wa picha! Nimehangaika nao tangu alasiri. Jirani yangu Zuhura kaja, kauona umekatika, eti nishukuru diski ya harusi aliyonitumia Salimu ni VCD. Ingekuwa DVD, deki yangu isingeisoma kabisa. Nishukuru! Mwanangu kaoa Maskati, nami harusi yake naisikia tu, kioo cheusi.

Zuhura kaenda zake. Nikabaki nasikiliza vigelegele vya watu nisiowajua. Mara sauti ya Salimu: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," nikaitika, peke yangu sebuleni.

Fundi ataleta waya mwingine kesho. Naogopa, baada ya miaka yote aliyokaa huko, nitaona mtu mzima nisiyemjua.

Leo nimeirudisha nyuma, aniamkie tena.