Miali kwenye Bawa

Mbotela, Nairobi
Mei 1979

Kwa kaka yangu mpendwa Nzuki,

Pokea salamu zangu, wewe, wifi na watoto. Natumai magoti ya mama yamepata nafuu baridi hii. Mimi ni mzima wa mwili, ila siwezi kutulia. Nimeanza barua hii nikaiacha, nikairudia. Jirani yangu aitwaye Wangu ameniuliza kama kuna kitu nimepoteza humu ndani.

Jumanne tulikuwa tukirudi na ndege kutoka Mombasa, giza likiingia, tukajikuta ndani ya wingu zito. Nilikuwa nakusanya vikombe mzee mmoja aliponishika mkono akasema, "Binti, bawa linawaka." Nikachungulia. Kwenye ncha ya bawa miali ya buluu ilikuwa ikicheza, wala haiunguzi kitu. Nilikwenda mbele kwa rubani, Kapteni Gichuru. Kwenye kioo chake nako zilitambaa nyuzi za mwanga, na redio ilikuwa ikikwaruza tu. Akanieleza kwamba ndege ikisuguana na chembe za barafu hujaa umeme, kama sweta ya nailoni unapoivua gizani, na kwamba vijiti vidogo nyuma ya mabawa huumwaga. Akaniagiza nihakikishe abiria wamefunga mikanda.

Kabla sijaketi, mwanga mweupe ukapasuka na mshindo ukatikisa viti. Watu walilia. Yule mzee alianza kusali, nami nikasali naye. Halafu tukatoka winguni, redio ikasema, tukatua salama.

Kesho yake Andati alikuja. Alisema niache kuruka kabla ya harusi yetu, kwamba binamu yake ana nafasi ya karani. Alisema kwa upole. Jirani Wangu anasema mwanamume wa namna hiyo haachwi.

Kaka, lililonifanya nishike kalamu ni hili. Mshindo ule ulipopiga nilijua nakufa. Nilimwona mama, nikakuona wewe. Andati hakunijia akilini kabisa, mpaka alipobisha mlango wangu. Nilimwambia hivyo. Akachukua koti lake, akaondoka.

Sitaolewa naye. Wazee wake wakifika huko Jumamosi kama mlivyopanga, wapokee kwa heshima, uwaambie kijana wao hana kosa. Mimi sitakuwepo. Siku hiyo nina zamu ya ndege ya Kisumu; nimeiomba mwenyewe.

Mama mwambie wewe, taratibu, akiwa ameshakula. Nisalimie wifi, na Mungu awalinde nyote.

Dada yako akupendaye,
Mbeti