Nimeizima Mashine, Baba Neema

Mpendwa Baba Neema,

Mashine bado ipo pale pale Chimala, inakoboa. Naanza na mashine kwa sababu hata ulipokuwa hai, habari za nyumbani ulizipokea vizuri zaidi zikianzia huko.

Kila mwaka, kabla mpunga haujaanza kutoka mashambani, ulikuwa unavuta kigoda na kuikagua kama mtu anayetaka kununua ng'ombe. Halafu unaniuliza, "Mama Neema, mwaka huu itatufia kwa njia gani?" Mimi nataja, wewe unapanga. Mkanda ukikatika. Rola zikiisha upande mmoja. Umeme ukija mdogo ukaunguza mota. Na kwa kila ugonjwa hukukubali dawa moja. Beringi uliipangia grisi ya kila wiki, kuguswa kwa mkono kila mchana, na nyingine mpya ikae stoo. Ulisema grisi husahaulika na mkono huzoea joto. Mimi niliyetoka Kalenga, kwa watu wa mahindi, nikajikuta fundi bila kuomba.

Presha yako uliipangia vidonge tu. Daktari alitaja vidonge, chumvi ipungue, na upumzike. Nilipokwambia kwamba hata mkanda una mipango mitatu na wewe una mmoja, ulicheka. "Nikilala mimi watu watakoboa wapi? Mteja wa mpunga hasubiri." Ulianguka msimu ukiwa umepamba moto, vidonge vikiwa mfukoni.

Mwaka huu ndugu zako walikaa kikao. Mdogo wako Elia akasema wazi kwamba mashine ikisimama msimu huu inauzwa, maana mwanamke hawezi kuiendesha. Nilirudi nikavuta kigoda, nikajiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe.

Wiki iliyopita uwanja ulikuwa umejaa magunia. Mchana niligusa beringi nikautoa mkono haraka. Elia alikuwa amesimama karibu.

"Shemeji, iache tu mpaka jioni. Ukizima saa hizi umeshaiuza mwenyewe."

"Ikivunjika inaharibu na shafti," nikamjibu, nikazima.

Niliwatangazia wateja. Baadhi walipakia magunia yao wakaenda kwa jirani, na sikuwalaumu. Wengine, na ndio waliokuwa wengi, walikaa juu ya magunia wakaagiza chai na kubishana habari za mpira. Nilifungua beringi ya zamani, nikaweka ile mpya ya stoo, Elia akinishikia spana huku amenuna. Kabla ya jioni mashine iliwaka, na Elia hajataja tena habari za kuuza. Alitazama uwanja akasema tu, "Kumbe huwa wanasubiri."

Nilitakiwa nifurahi, maana mashine imebaki kwangu na kwa Neema. Badala yake nilienda nyuma, kwenye pumba, nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yako. Sijawahi kukukasirikia namna ile, hata siku ya mazishi.

Neema hajambo, anakaribia kumaliza shule. Mimi pia nimeanza kupima presha, na chumvi nimepunguza. Lala salama, mume wangu. Wangekusubiri na wewe.

Mkeo,
Mama Neema